Magitaa ya Makassy, Neno la Remmy

Katika muziki wa dansi wa Tanzania, mwanamuziki kuhama bendi ni jambo la kawaida. Muhidin Gurumo alitoka Juwata Jazz mwaka 1978 akashiriki kuiasisi Mlimani Park, mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo, yaani bendi ileile ya Juwata alikotoka. Kila nyota alipohama, mashabiki walibishana vijiweni: bendi itaweza bila yeye? Yeye ataweza bila bendi? Ubishi huo ni mtamu, lakini mara nyingi huishia kwenye kupima nani mkali kuliko mwenzake. Liko swali linalomfaa zaidi msikilizaji: mwimbaji anapotoka, ndani ya wimbo wenyewe hubadilika nini? Anaondoka na kitu gani, na anaacha kitu gani nyuma?

Kwa swali hilo, hakuna mfano ulio wazi kuliko Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye Dar es Salaam nzima ilimjua kwa jina la Dk. Remmy. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya jamaa yake Mzee Makassy. Miaka michache baadaye alikuwa kiongozi wa Super Matimila, na jina lake lilikuwa limeifunika bendi. Wengi wetu tunamkumbuka kwa hiyo awamu ya pili tu, kana kwamba Makassy ilikuwa kituo cha kubadilishia gari. Hapo tunakosea. Remmy hakuutupa muziki wa Makassy. Aliubeba karibu wote, akabadilisha jambo moja tu, nalo likageuza kila kitu: alibadilisha nani ampishe nani. Kwa Makassy, maneno yaliyapisha magitaa. Kwa Matimila, magitaa yaliyapisha maneno.

Tuanze na Makassy. Ilikuwa bendi ya Wakongo waliohamia Tanzania, kama ilivyokuwa bendi ya Maquis, na ilikuja na ufundi kamili wa rumba ya kwao. Wimbo wa namna hiyo huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole: gitaa la solo linafungua kwa vipande vifupi, la rizimu linashika chini yake, besi na tumba vinatembea taratibu, kisha waimbaji wawili au watatu wanaingia kwa pamoja, sauti zao nyembamba zikipandana. Beti ni chache, na kisa husimuliwa kwa haraka. Ya pili ni chemko. Waimbaji wanarudi nyuma, kiitikio kinabaki kifupi sana, na mpiga solo anachukua usukani. Mashabiki waliolipa kiingilio wanaingojea sehemu hiyo, maana ndiyo inayojaza ukumbi.

Albamu ya Agwaya, iliyorekodiwa Nairobi mwaka 1982 na kutolewa Uingereza na kampuni ya Virgin, inatuonyesha ufundi huo ukiwa umekomaa. Kiswahili na Kilingala vinakaa humo pamoja bila kugombana. Wimbo kama "Mambo Bado" ulipendwa Afrika Mashariki yote, na sifa yake kubwa ni mpangilio: hakuna chombo kinachopiga kelele juu ya kingine, wala mwimbaji anayetaka kuonekana peke yake. Mtu asidhani pia kwamba Makassy walikuwa wa mapenzi na starehe tu. "Kufilisika Sio Kilema" ni wimbo wa nasaha, na jina lake tu linaeleza funzo lake. Tofauti ni kwamba nasaha hiyo ilitolewa na kundi, kwa sauti tamu ya pamoja. Ukiusikiliza unakubaliana nao huku unacheza, na hakuna anayekutazama usoni.

Ndani ya kundi hilo, kabla halijahamia Nairobi, Remmy alikuwa sauti mojawapo. Lakini tayari alikuwa na jambo lake. Wimbo wake wa mwanzo uliomtambulisha Dar es Salaam ulikuwa "Siku ya Kufa", alioutunga kwa msiba wa rafiki. Katika ukumbi wa dansi, siku ya mapumziko, watu wamevaa wamependeza, mgeni kutoka Kindu analeta habari ya kaburi. Rumba ya Kongo ilikuwa na nyimbo zake za maombolezo, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa geni. Kilichokuwa kipya ni namna alivyolishika: aliongea na walio hai kuhusu kifo chao wenyewe. Mbegu ya Matimila ilikuwa tayari imepandwa katika bendi ya zamani, na bila bendi hiyo isingepata udongo.

Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki Dar es Salaam akajiunga na Matimila, bendi ya mfanyabiashara. Suala la mmiliki si dogo. Bendi nyingi kubwa za wakati huo zilikuwa chini ya vyombo vya umma: Juwata ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Mlimani Park ikawa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na polisi, jeshi na magereza nao walikuwa na zao. Wanamuziki wa bendi hizo walipata mshahara na vyombo, na waliimba sera za nchi walipotakiwa. Bendi ya mtu binafsi haikuwa na kinga hiyo. Ilikula ilichokipata mlangoni. Remmy hakuwa mtumishi wa yeyote aliyeweza kumpangia la kusema, lakini pia hakuwa na mtu wa kumtetea akisema.

Sasa tusikilize Matimila kwa karibu. Vyombo ni vilevile: magitaa matatu na besi, tumba, drams, saksafoni. Wapigaji ni wa shule ileile, na chemko lipo. Ila sauti inayoingia ni nyingine. Remmy hana ule wembamba mtamu wa waimbaji wa Makassy. Sauti yake ni nzito, ina mikwaruzo, na mara nyingi inakaa mpakani mwa kuimba na kuongea. Anaanza mstari kwa kuimba, katikati anaushusha ukawa mazungumzo, kisha anaurudisha kwenye wimbo pale kiitikio kinapomngoja. Kwa mwimbaji wa namna hiyo, magitaa hayawezi kufanya yaliyoyafanya kwa Makassy. Sikiliza wimbo kama "Kipenda Roho" uone: gitaa la solo linapiga kipande kifupi, linanyamaza Remmy aseme, linajibu kwa kipande kingine. La rizimu halibadiliki kwa dakika nyingi, na kutobadilika huko ndiko kunakomruhusu msemaji achukue muda wake. Chemko linapofika, haliyafuti maneno. Remmy anaendelea kuuliza, kutaja, kusihi, huku wenzake wakimwitikia.

Mtindo huo aliuita ubongo, na jina lilisema ukweli. Alitaka mtu acheze huku anafikiri. Wapo waliosema hayo mawili hayaendi pamoja, lakini kumbi zilizojaa zilithibitisha kwamba yanaenda.

Kwa nini maneno yalidai nafasi kubwa hivyo? Sababu moja ni wakati wenyewe. Remmy aliwasili mwaka wa vita vya Kagera. Baada ya vita ikaja dhiki: foleni za sukari, sabuni na nguo, msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, kisha makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, yaliyolegeza biashara na kubana huduma. Mshahara wa mfanyakazi wa mjini haukumaliza mwezi. Katika hali hiyo Remmy aliimba "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge", na hakuwa mtazamaji wa mbali. Aliishi Sinza kati ya watu aliowaimba, na mpaka leo kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi, nayo ndiyo inayotupeleka kwenye mapokeo mengine. Kindu iko Maniema, eneo ambako Kiswahili kilifika na misafara ya karne ya 19 kikakaa kikawa lugha ya watu. Kwa hiyo Remmy hakuja Dar es Salaam kujifunza lugha. Alikuja kukutana na mapokeo yake. Wasikilizaji wa pwani walikuwa na mazoea ya zamani ya kukisikiliza Kiswahili kinachofundisha. Mwana Kupona aliandika utendi wa nasaha kwa binti yake katika karne hiyohiyo ya 19. Kabla yake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiuambia moyo wake utazame magofu ya Pate na kuuliza wenye fahari wamekwenda wapi. Sidai kwamba Remmy alikuwa akisoma tenzi hizo. Ninachosema ni kwamba mji aliouimbia ulikuwa na sikio lililozoea kuulizwa maswali hayo. Alipokuja na "Kifo", akikisemesha kifo kama mtu asiye na huruma, watu hawakuona ajabu. Walikuta mambo waliyoyasikia kwenye mawaidha na matangani, sasa yakiwa na magitaa chini yake. Makassy walikuja Tanzania na rumba yao. Remmy aliiweka chini ya Kiswahili cha nasaha, na mapokeo mawili yakapata mwili mmoja.

Mfano mkubwa kuliko yote ni "Mambo kwa Soksi", wa mwaka 1990. Ukimwi ulikuwa unazika watu, na wakubwa walikuwa wakizunguka maneno. Remmy akaimba kuhusu kondomu kwa jina ambalo kila mtu angelielewa. Radio Tanzania, ambayo ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Bara, ikakataa kuupiga. Wimbo ukatembea kwa kanda na kwenye kumbi, na ukajulikana nchi nzima bila redio. Jiulize kama wimbo huo ungewezekana kwa Makassy. Muziki wake ungewezekana kabisa, maana ni wa kucheza na unachekesha. Usingewezekana ule ujasiri wa mtu mmoja kusimama mbele na kusema, "Haya ninayasema mimi." Sauti tatu zinazopandana kwa utamu haziwezi kubeba lawama. Lawama huhitaji mwenyewe.

Hapa inafaa tumlete Mbaraka Mwinshehe, ili tusidhani kila anayetoka kwenye bendi hugeuka. Mbaraka alijijengea jina akiwa Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Japan kuiwakilisha nchi katika maonyesho ya Expo 70 huko Osaka. Mwaka 1973 aliondoka akaunda Super Volcano, akaiongoza mpaka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Ukisikiliza nyimbo za awamu zote mbili, unasikia mtu yuleyule: gitaa linaloongea kwa sentensi fupi, sauti tulivu, visa vya mapenzi, shida na majirani. "Shida" ya Super Volcano imesafishwa zaidi, na ilirekodiwa kwa soko la sahani la Kenya, lakini imetoka kwenye chungu kilekile cha "Pesa No. 1" ya Morogoro Jazz. Mbaraka alikuwa tayari ndiye roho ya bendi aliyoiacha. Alipohama, kilichobadilika hasa ni madaraka na mapato. Remmy alikuwa pembeni ya bendi aliyoiacha, na ndiyo maana kutoka kwake kulimlazimu apange upya nafasi ya kila chombo.

Tuvuke sasa mpaka Ulaya, kwa sababu njia ya Remmy ilipita huko. Mwaka 1988 yeye na Matimila walialikwa katika ziara ya WOMAD, tamasha la muziki wa nchi mbalimbali, na mwaka uliofuata albamu yao Songs for the Poor Man ikatolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Gabriel naye ni mwimbaji aliyeacha bendi. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, kwa miaka mingi, akajitoa mwaka 1975, na albamu zake nne za kwanza alizipa jina moja tu: Peter Gabriel. Katika ile ya mwaka 1980 aliwakataza wapiga ngoma kutumia matoazi, kwa sababu alitaka sauti ambayo bendi ya roki isingempa. Mmojawapo wa wapiga ngoma hao alikuwa Phil Collins, mwenzake wa Genesis, ambaye safari hii alikuja kumsaidia mwenye kazi. Hayo ndiyo mapokeo ya roki ya Magharibi: mwimbaji anapotoka, bendi inafutika, linabaki jina la mtu, na wapigaji wanaitwa studio kwa kadiri anavyowahitaji.

Mapokeo ya dansi hayana nafasi ya namna hiyo. Mwimbaji anayetoka hawezi kusimama ukumbini usiku kucha peke yake, na hakuna studio ya kujifungia miezi sita. Lazima apate bendi nyingine, au aunde. Kwa hiyo albamu ile ya Real World ilitoka kwa jina la Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, mtu mbele na kundi nyuma yake, na mpangilio huo wa majina unaueleza muziki kwa usahihi. Uhuru wa Gabriel ulikuwa wa kuondoa watu. Uhuru wa Remmy ulikuwa wa kuwapanga. Msikilizaji wa Ulaya aliyenunua sahani hiyo huenda alimwona mwimbaji wa kujitegemea mwenye wapigaji wake. Msikilizaji wa Sinza alisikia bendi ambayo kiongozi wake ana maneno.

Tofauti hiyo ina ushahidi wake ndani ya albamu ya pili ya Real World, Mambo, ya mwaka 1992. Humo Remmy anaimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, kama "One World" na "No Money, No Life". Nia yake ni njema: alitaka ujumbe ufike kwa wale wanaomshangilia. Lakini kuna kitu kinapungua. Yale mazungumzo katikati ya mstari yanatoweka, kwa sababu katika Kiingereza Remmy hana mtu wa kuongea naye. Sentensi zinakuwa fupi na za jumla, magitaa yanapisha na hakuna kinachoijaza nafasi yaliyoiacha. Linganisha na "Mrema" katika albamu hiyohiyo, wimbo wa Kiswahili kuhusu Augustino Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Humo mnaongelewa mtu anayejulikana, mbele ya watu wanaomjua, na Remmy anarudi kuwa Remmy. Nguvu ya kazi yake, basi, haikuwa katika sauti yake pekee wala katika ujumbe pekee. Ilihitaji bendi iliyofunzwa kwa mtindo wa Kongo, na hadhira inayokisikiliza Kiswahili kwa makini. Ukiondoa kimojawapo, jengo linayumba.

Haki inatudai tuseme pia alichokipoteza. Nyimbo za Matimila ni ndefu, na zipo ambazo ujumbe wake umeshaeleweka lakini msemaji bado anaendelea. Yule anayependa dansi kwa ajili ya dansi, anayetaka kusikia gitaa la solo likipanda na kushuka bila kukatizwa, atapata raha kubwa zaidi kwa Makassy. Utamu wa sauti zinazopandana, uliokuwa fahari ya Makassy, kwa Matimila ulishushwa ukawa kazi ya kiitikio. Mimi naona Remmy alifanya biashara yenye faida, lakini ilikuwa biashara, na kitu kilitolewa.

Miaka yake ya mwisho inaongeza ngazi ya tatu katika ulinganisho huu. Remmy aliokoka, akakata nywele zake ndefu zilizokuwa alama yake, akageukia muziki wa injili mpaka alipofariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Wengine wanaiona awamu hiyo kama mkato. Mimi nasikia mwendelezo. Habari ya kifo aliyoianza kwa Makassy ilikuwa huzuni; kwa Matimila ikawa swali; kwenye injili ikapata jibu. Kwa imani yake lilikuwa jibu la amani, na nani wa kumnyima mtu amani mwishoni mwa maisha? Kwa upande wa sanaa, hata hivyo, swali lilikuwa na nguvu kuliko jibu. Muislamu, Mkristo na asiye na dini walikaa meza moja wakausikiliza wimbo wa "Kifo", na kila mmoja akabaki na lake la kujibu. Wimbo wa injili humtaka msikilizaji aingie ndani ya nyumba moja.

Tukimpa Remmy heshima yake, basi, tuitoe kwa ukamilifu. Tuwataje Mzee Makassy na wapigaji wa Matimila kila tunapotaja ushairi wake, kwa maana wao ndio waliomfunza kuingia kwenye wimbo kwa wakati na kumwachia nafasi ya kusema. Jambo hili linahusu pia vijana wa leo. Waimbaji wetu wengi wa sasa wanaanza peke yao, na mdundo uliotengenezwa na mtayarishaji mmoja kwenye kompyuta. Wana vipaji, na wapo wenye maneno mazito. Lakini hawajawahi kuwa sauti ya tatu katika kundi, hawajawahi kunyamaza dakika tano mpiga solo amalize, na mdundo wa kompyuta hauwezi kushangaa kwa walichokisema ukawajibu. Remmy aliweza kuyafanya magitaa yampishe kwa sababu kwanza alijifunza kuyapisha. Tukitaka kumpata mwingine kama yeye, tuanze kwa kuzilea bendi atakazokuja kuzihama.